Nisba ya Barwani katika Historia ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Majina ya watu katika pwani ya kusini ya Tanzania ni hazina ambayo wanahistoria wameitumia kwa uchache kuliko inavyostahili. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamechimbwa na kupimwa. Habari za masultani wake zimefasiriwa mara nyingi. Lakini majina yanayotajwa kila siku sokoni, msikitini na katika daftari za serikali yameachwa yapite kana kwamba hayana la kusema. Makala hii yahusu jina moja tu, nalo ni Barwani. Ukilinganisha na majina yaliyoenea pwani nzima, kama Shirazi au Busaidi, jina hili ni la watu wachache. Hata hivyo wachache hao wameonekana katika mambo makubwa: biashara ya pembe na watumwa katika bara, hofu ya serikali ya Kijerumani baada ya Vita vya Maji Maji, elimu ya dini na siasa za Unguja, tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na hatimaye uchaguzi wa Bunge katika mji wa Lindi.

Swali linaloulizwa hapa ni hili: jina la ukoo laweza kumthibitishia mwanahistoria jambo gani, na ni jambo gani lisiloweza kuthibitishwa nalo? Swali hili si la wataalamu peke yao. Katika pwani hii watu wamepewa heshima, wamenyimwa haki, na wengine wamefungwa, kwa sababu ya namna majina yao yalivyosomwa na wenye mamlaka.

Umbo la jina

Barwani ni nisba, yaani jina la sifa linalomtia mtu katika ukoo, kabila au mahali. Kiarabu huunda nisba kwa kutia irabu ya i ndefu mwishoni mwa jina la asili. Aliyetoka Kilwa huitwa Kilwi. Aliyetoka Barawa huitwa Barawi. Na wazao wa Barwan huitwa Barwani, ambao kwa pamoja Waarabu huwaita al-Barawina. Ukoo huu ni tawi la Maharthi wa Omani, kabila ambalo makao yake ya asili ni Sharqiya, upande wa mashariki wa nchi hiyo, karibu na mji wa Ibra. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuandikwa al-Barwani katika hati moja na al-Harthi katika nyingine, bila ya kosa lolote: nisba ya kwanza ni ya tawi, ya pili ni ya kabila zima. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani huko Pangani na kunyongwa mwezi wa Desemba 1889, ajulikana kwa nisba ya Harthi. Msomaji asiyetambua daraja hizi mbili za nisba hushindwa kuona kwamba jina hilo na jina la Barwani ni matawi ya mti mmoja.

Jina hili lilipoingia katika Kiswahili halikuhitaji marekebisho mengi. Kiarabu hulikata katika silabi bar-wa-ni, na irabu ya kati ni ndefu. Kiswahili hulikata ba-rwa-ni, kwa kuwa silabi ya Kibantu hupenda kuishia kwa irabu. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale penye irabu ndefu ya Kiarabu. Basi sikio la Mswahili halikuona ugeni. Zaidi ya hayo, mwisho wa jina wafanana na kiambishi -ni cha mahali, kama katika Kisiwani, Mikindani na Pangani. Asiyejua asili yake aweza kudhani kwamba Barwani ni jina la mji au kijiji fulani, nao wenye jina hilo ni watu wa huko. Dhana hiyo si sahihi. Sauti ya n katika neno hili ni sehemu ya jina la babu wa ukoo, na i peke yake ndiyo alama ya nisba.

Majina yanayofanana nalo

Kabla ya kuwafuata watu wenye jina hili, yafaa kuyatenga majina mengine matatu ambayo huchanganywa nalo.

La kwanza ni Barawi, nisba ya mji wa Barawa katika pwani ya Somalia. Mchanganyiko huu ni wa hatari zaidi kwa anayesoma habari za kusini, maana watu wa Barawa walikuwa na nafasi kubwa katika elimu ya dini huko. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliwekwa na Seyyid Said kuwa kadhi wa Kilwa akiwa angali kijana, kisha akawa miongoni mwa wanavyuoni wakuu wa Unguja hata alipofariki mwaka wa 1896. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyeuawa mwaka wa 1909, ndiye aliyeeneza tawi kubwa la tarika ya Kadiriya katika Afrika ya Mashariki. Katika maandishi ya Kiarabu yasiyo na irabu, Barawi na Barwani hutofautiana kwa alifu na nuni tu. Katika maandishi ya maofisa wa Kizungu, walioandika kila jina kama walivyolisikia, tofauti hiyo iliweza kupotea kabisa. Lakini Barawi ni mtu wa mji, na Barwani ni mtu wa ukoo. Wa kwanza aghalabu ni Msuni wa madhehebu ya Shafi, na ukoo wa pili asili yake ni Ibadhi.

La pili ni Baruni. Sulayman al-Baruni, mtu wa milima ya Nafusa katika Libya, alipigana na Wataliani tangu mwaka wa 1911, akawa mmoja wa viongozi wa Jamhuri ya Tripolitania mwaka wa 1918, kisha akahamia Omani katika miaka ya 1920, na akafa Bombay mwaka wa 1940. Naye alikuwa Ibadhi, na miaka yake ya mwisho aliishi miongoni mwa Waomani. Mfanano wa sauti na wa madhehebu wawavutia wengi kumhesabu katika ukoo wa Barwani. Lakini huyo ni mtu wa Nafusa, na nisba yake ina historia nyingine.

La tatu ni jina la mahali. Katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, kando ya mto Narmada, uko mji uitwao Barwani. Mpaka mwaka wa 1948 ulikuwa makao makuu ya milki ndogo iliyotawaliwa na wafalme wa Kirajiputi, na tangu mwaka wa 1998 ni makao ya wilaya yenye jina hilo hilo. Sauti ya r katika jina la mji huo hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi, jambo lisilokuwamo katika Kiarabu. Wenyeji nao hulihusisha jina hilo na miti iliyouzunguka mji zamani. Huu ni mkutano wa sauti tu. Kufanana kwa majina mawili kwavuka bahari bila ya mtu yeyote kuvuka, na pwani ya Kilwa, iliyofanya biashara na Gujarat kwa karne nyingi, ni mahali ambapo mwanafunzi aweza kudanganyika kwa urahisi akaunganisha vitu viwili visivyohusiana.

Kiranjeranje na mpaka wa nisba

Msafiri atokaye Nangurukuru kwenda Lindi kwa barabara kuu hupita Kiranjeranje, katika sehemu ya kusini ya wilaya ya Kilwa. Kutoka hapo njia nyingine huelekea magharibi hadi Nanjirinji na Ruangwa. Mahali hapa pako kati ya bandari mbili za kale, Kilwa upande wa kaskazini na Lindi upande wa kusini, na nyuma ya pwani yenyewe. Kwa anayechunguza majina, hapa ni mahali pazuri pa kusimama na kutazama pande zote mbili.

Majina ya mahali katika nchi hii yana umbo lake. Kiranjeranje na Nangurukuru yana shina lililorudiwa. Nangurukuru, Nanjirinji, Nandete, Namichiga na Nachingwea yanaanza kwa kiambishi na-, ambacho ni alama kubwa ya majina ya kusini. Hakuna hata moja lililoundwa kwa nisba ya Kiarabu, na hakuna lililochukua jina la ukoo wa kigeni. Wenye mashamba na wenye misafara walipita au wakakaa, nayo nchi ikabaki na majina iliyopewa na wenyeji.

Majina ya watu nayo yana utaratibu wake. Kwa desturi mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, na ikihitajika la babu yake. Ukoo haumo katika mfululizo huo. Tena, katika sehemu kubwa ya kusini, miongoni mwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Nisba ya Kiarabu hufuata baba. Basi mwanamume wa Kiarabu alipooa mke wa nchi hii, hesabu mbili zilikutana juu ya mtoto mmoja: kwa watu wa baba alikuwa Barwani, na kwa wajomba zake alikuwa mtu wa ukoo wa mama. Wala hapakuwa na ugomvi wa lazima kati ya hesabu hizo, kwa kuwa kila moja ilikuwa na mahali pake pa kutumika: ya kwanza mbele ya kadhi na katika mirathi ya shamba, ya pili katika ardhi ya kijiji, ndoa na maziko. Mtu mmoja aliweza kuishi ndani ya zote mbili maisha yake yote.

Jambo la pili la kuangaliwa ni utumwa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa, na hali hiyo iliendelea mpaka mkataba wa mwaka wa 1873 uliopiga marufuku biashara hiyo baharini na amri za mwaka wa 1876 zilizokataza misafara ya watumwa bara. Si wote walioletwa pwani waliopakiwa majahazini. Wengi walibaki katika mashamba ya pwani. Mtumwa aliyeachwa huru, pamoja na wazao wake, mara nyingine alihesabiwa katika nyumba ya bwana wake wa zamani na kuitwa kwa nisba ya nyumba hiyo. Sheria ya Kiislamu yenyewe yatambua uhusiano uitwao walaa kati ya mwachwa huru na aliyemwacha. Kwa sababu hiyo nisba katika pwani hii ilikuwa ushahidi wa uhusiano wa mtu na nyumba fulani; haikuwa lazima iwe ushahidi wa damu. Anayesoma nisba kama cheti cha rangi au cha asili aisoma kwa namna ambayo watu wa pwani wenyewe hawakuiandika.

Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza

Mtu wa kwanza wa jina hili kujulikana mbali na pwani ya kusini ni Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani, mzaliwa wa Lindi katika miaka ya 1850, kutoka nyumba yenye nguvu katika mji huo. Katika miaka ya 1880 alishirikiana kibiashara na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, naye akaweka makao yake Ujiji. Kutoka hapo watu wake walifika pande zote za kaskazini za Ziwa Tanganyika, wakitafuta pembe na watumwa. Burundi hawakuiweza: majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliwazuia.

Upande wa magharibi wa ziwa alipambana na watu wa Dola Huru ya Kongo. Mwishoni mwa mwaka wa 1891 Kapteni Jacques wa Ubelgiji alijenga ngome ya Albertville, na katika mwaka uliofuata Rumaliza aliizingira. Vita vikahamia mto Lualaba. Mwezi wa Oktoba 1893 aliuawa Sefu, mwana wa Tippu Tip, na mwezi wa Januari 1894 Rumaliza mwenyewe alishindwa na majeshi ya Dhanis, akakimbilia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Baadaye yeye na Tippu Tip waligombana juu ya mali ya ushirika wao, na shauri likapelekwa mbele ya mahakama ya Kijerumani. Habari za ugomvi huo zimo katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambayo W. H. Whiteley aliyatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, miaka ya 1958 na 1959. Hiki ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya maisha ya mtu vilivyotungwa kwa nathari ya Kiswahili.

Kwa uchunguzi wa majina, lililo kubwa zaidi ni lakabu. Wafanya biashara wa bara karibu wote walijulikana kwa lakabu walizopewa huko: Tippu Tip, Bwana Nzige, Kibonge, Rumaliza. Lakabu hizi zilitungwa na watu waliokutana na misafara hiyo, nazo zaonyesha jinsi walivyoiona. Katika Rumaliza lasikika wazi shina la kitenzi maliza. Na mtu aliyeitwa hivyo na majirani zake hakuitwa kwa mapenzi. Vitabu vya Kizungu vilishika lakabu hiyo na kuiacha nisba. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa historia ya Kongo hukutana na Rumaliza kama mtu asiye na nyumba, ilhali msomaji wa historia ya Lindi hukutana na nyumba ya Barwani pasipo kujua kwamba mkono wake ulifika Lualaba. Lakabu na nisba zikisomwa pamoja, bandari ya Lindi na vijiji vilivyochomwa kando ya Ziwa Tanganyika vyaingia katika historia moja, kama vilivyokuwa kwa kweli.

Barua ya mwaka wa 1908

Jina hili lilirudi Lindi kwa njia ya karatasi. Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905 vilikuwa vimekwisha, na njaa iliyovifuata ilikuwa imeua watu wengi kupita risasi. Katikati ya mwaka wa 1908 ilienea Lindi barua iliyosemwa kuwa imetoka Makka. Ilikuwa na habari za ndoto, ikawaonya Waislamu kwamba mwisho wa dunia umekaribia, na ikawataka watubu na kurejea katika sala. Barua za namna hiyo zilijulikana tangu zamani katika nchi nyingi za Kiislamu, na mara nyingi hazikuleta zaidi ya toba ya siku chache. Lakini serikali iliyokuwa imeponea chupuchupu miaka mitatu nyuma haikuisoma kama wanavyuoni walivyoisoma. Iliona fitina.

Katika uchunguzi wao maofisa waliamini kwamba barua hiyo ilienezwa na Rumaliza, aliyekuwa wakati huo akikaa Unguja, kwa kuwatumia jamaa zake wa Lindi. Hapa yaonekana wazi namna jina linavyofanya kazi mbele ya dola. Kwa watu wa Lindi, jamaa wa nyumba ya Barwani walikuwa watu wa mji, wenye mashamba na jamaa zao. Kwa ofisa wa Kijerumani, nisba ile ilikuwa uzi uliounganisha Lindi, Unguja, Ujiji na Makka, na kila aliyeshika uzi huo alikuwa wa kushukiwa. Kwa sehemu uzi huo ulikuwapo: Rumaliza alikuwa mtu wa Lindi kweli, na mawasiliano kati ya Unguja na pwani ya kusini hayakukatika. Makosa ya ofisa yalikuwa katika kudhani kwamba hofu ya mwisho wa dunia ilihitaji kuletwa na mtu kutoka nje. Wilaya iliyokuwa imeona vita na njaa haikuhitaji Rumaliza kuiambia kwamba dunia imeharibika.

Unguja: elimu, safari na siasa

Unguja jina hili lilichukua sura nyingine. Maharthi walikuwa na makao kisiwani humo kabla ya utawala wa Mabusaidi kushika mizizi, na uhusiano wao na masultani haukuwa mwepesi. Mwaka wa 1859 walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid. Jaribio hilo lilishindwa, na Barghash akahamishiwa Bombay kabla ya kurudi na kutawala tangu 1870 mpaka 1888.

Miongoni mwa wanavyuoni wa wakati huo alikuwapo Sheikh Ali bin Khamis al-Barwani, aliyezaliwa Ibadhi akahamia madhehebu ya Shafi. Habari zake zimehifadhiwa na Sheikh Abdulla Saleh Farsy katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi. Katika kizazi kilichofuata Muhammad bin Ali bin Khamis al-Barwani alisafiri Misri na nchi za Sham, akaandika kwa Kiarabu kitabu cha safari yake kilichopigwa chapa Unguja mwaka wa 1915. Alijiita humo Abu al-Harith. Nayo ni kunya inayolirudisha kabila lake katika masikio ya msomaji bila ya kulitaja waziwazi.

Ali Muhsin al-Barwani, aliyezaliwa mwaka wa 1919, alisoma kilimo katika chuo cha Makerere, akawa mhariri wa gazeti la Mwongozi na kiongozi mkubwa wa chama cha Hizbu. Unguja ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje katika serikali ya Mohamed Shamte. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiangusha serikali hiyo, naye akafungwa katika magereza ya Tanzania Bara kwa muda wa miaka kumi hivi. Baada ya kutoka mwaka wa 1974 aliishi ughaibuni, na mwaka wa 2006 akafia Omani.

Siasa zake zitaendelea kubishaniwa. Kazi yake katika lugha yastahili kupimwa kwa mizani yake yenyewe. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka wa 1995 pamoja na sherehe za al-Muntakhab wa Misri, ilikuja baada ya ile ya Godfrey Dale ya 1923, ile ya Waahmadiya ya 1953, na ile ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyokamilika 1969. Kila moja katika tafsiri hizo ilikuwa jibu kwa iliyotangulia, na mlolongo wake ni sura muhimu ya historia ya nathari ya Kiswahili. Mtu aliyeshutumiwa kwamba ni mgeni katika nchi aliyozaliwa alitumia miaka ya uzee wake, mbali na nchi hiyo, kuitumikia lugha yake.

Katika uwanja huo wa lugha jina hili limeendelea. Sauda Barwani, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hamburg, alikuwa miongoni mwa waliotayarisha kitabu cha mwaka wa 2003 chenye masimulizi ya maisha ya mwanamke wa Unguja kabla na baada ya Mapinduzi. Omani nako, Mohammed al-Barwani ni mfanya biashara anayejulikana sana katika mambo ya mafuta. Kwa jumla, nisba iliyotoka Sharqiya ikaja pwani ya Afrika sasa yasikika tena katika Ghuba, na wengi wanaoichukua huko wana Kiswahili majumbani mwao.

Lindi, mwaka wa 2010

Baada ya uhuru utaratibu wa majina ulibadilika Tanzania Bara. Shule, hati za kusafiria na daftari za wapiga kura zilitaka majina matatu, na la tatu likawa jina la ukoo kwa mujibu wa karatasi. Kwa wengi jina hilo la tatu lilikuwa la babu tu, na nisba, kama ilikuwapo, ikaanguka. Neno bin liliachwa, na al- nayo ikaachwa. Katika mfululizo wa majina kama Muhammad bin Khalfan al-Barwani, jina la mwisho likiwa ni nisba lilibaki pale tu wenyewe walipochagua libaki.

Mwezi wa Oktoba 1910 Lindi ilikuwa chini ya gavana wa Kijerumani. Mwezi wa Oktoba 2010, miaka mia kamili baadaye, wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwani wa Chama cha Wananchi kuwa mbunge wao. Umbo la jina lake laonyesha historia yote iliyoelezwa: Salum ni Salim kwa matamshi ya pwani, bin haimo, al- haimo, na nisba imebaki uchi kama jina lolote la Kiswahili. Yeye ndiye mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo nchini Tanzania. Aliyemtangulia Bungeni, Al-Shaymaa Kwegyir, aliteuliwa na Rais mwaka wa 2008. Ushindi huo ulikuja baada ya miaka mitatu ya mauaji ya kinyama ya watu wenye ualbino katika sehemu za kaskazini magharibi mwa nchi. Alikaa Bungeni mpaka mwaka wa 2015.

Kati ya Muhammad bin Khalfan wa karne ya 19 na Salum Khalfan wa karne ya 21 pana mji mmoja, nisba moja, na jina la baba linalofanana. Kwa mwandishi mwenye haraka hiyo yatosha kuchora mstari wa nasaba. Lakini Khalfan ni jina la kawaida miongoni mwa watu wa asili ya Omani, na nisba, kama ilivyoonyeshwa, huchukuliwa na watu kwa njia zaidi ya moja. Mstari wa nasaba huthibitishwa kwa nasaba, yaani kwa ushahidi wa watu na hati. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni jambo dogo zaidi, lakini lenye uzito wake: jina lililowahi kumaanisha, kwa watu wa bara, msafara wenye bunduki, na kwa Wajerumani, fitina, lilipigiwa kura na watu wa Lindi kama jina la mmoja wao.

Hitimisho

Nisba ya Barwani yafundisha mambo matatu. Kwanza, jina adimu ni chombo kizuri cha kufuatia njia za bahari na bara, ikiwa lakabu na nisba zitasomwa pamoja na daraja za kabila na tawi hazitachanganywa. Pili, mfanano wa sauti, uwe ni wa Barawa, wa Nafusa au wa kando ya Narmada, hauna nguvu ya ushahidi mpaka uthibitishwe kwa jambo jingine. Tatu, mpaka wa matumizi ya nisba nao ni habari ya kihistoria. Nisba za Kiarabu zilikaa bandarini na penye mashamba. Nyuma yake, kutoka Kiranjeranje kwenda Nanjirinji, watu walijitaja kwa baba na babu, wakauhifadhi ukoo wa mama mahali ambapo karatasi za serikali hazikufika. Historia ya pwani hii iliyoandikwa kwa nisba peke yake itakuwa historia ya nyumba chache. Kazi iliyo mbele ya wachunguzi wa majina ni kukusanya, kijiji kwa kijiji, majina ya koo za kikeni za kusini kabla ya wazee wanaoyajua hawajaondoka, ili yawekwe katika ukurasa mmoja na nisba za bandarini.